Mafundo Sita

Niliwaambia tangu juzi, kwenye bwawa la hoteli kule Kisumu,
na asubuhi tena gatini Mbita, injini ikikohoa:
chini ya maji, kidole gumba juu si poa.
Ni twende juu. Sasa hivi. Hakuna mjadala.
Poa ni duara, gumba na cha shahada vikutane
kama unaonja chumvi.

Wakacheka. Wako likizo, wamelipia kucheka.
Okinda, daktari wa meno, kajifunga mkanda wa risasi
chini ya kitambi kama bwana harusi.
Bi Roselida wa chama cha akiba kaja na ndoo ya maandazi.
Mapacha wa mzee Wekulo, kutoka Webuye,
wanapigana picha, barakoa zimewakaa utosini.
Nerea anafundisha jiografia, akaniuliza matumbawe yako wapi.
"Hapa si bahari, Mwalimu."
"Na wale samaki wa manjano kwenye tangazo?"
"Wale waliazimwa."
Wa sita Tindi, mkimya,
aliyelipa kwa mafungu manne, la mwisho jana usiku.

Takawiri ina mchanga mweupe, viti vya kulalia,
mhudumu mwenye trei na juisi ya ukwaju.
Lakini maji yake yana rangi ya mrenda wa jana.
Unanyoosha mkono: kiganja ni chako,
vidole si vyako tena.
Ndiyo maana nina kamba, na kamba ina mafundo,
kila mtu na lake, asiliachie hata akiona dhahabu.

Sikuwaambia nilijifunzia wapi mafundo.

Miaka tisa nilizamia kazi nyingine.
Kamba ilikuwa kiunoni kwangu,
na ufukweni ukoo mzima umesimama, hakuna anayekohoa.
Nilishuka mmoja, nikapanda wawili.
Hesabu hiyo ukiizoea umeharibika,
usipoizoea hulali.
Mimi sikulala.
Nikaja huku kwenye viti vya kulalia,
niongoze watu wanaotoka majini kwa miguu yao.

Mita saba. Nikaifuata kamba, nikigusa mikono.
Okinda, duara. Roselida, duara, pete inang'aa.
Pacha. Pacha.
Nerea akanikamata kidole hataki kukiachia.
Fundo la sita
halikuwa na mtu.

Nilisahau kila nilichowafundisha.
Viganja vilishuka vyenyewe kwenye tope,
vikapapasa kwa upana, polepole, kama zamani,
vikitafuta kitambaa, vikitafuta nywele.
Vikakuta kifundo cha mguu.
Nikakishika jinsi ninavyojua kushika.

Kikanipiga teke.

Miaka tisa, na humo majini
sikuwahi kupigwa teke na nilichokipata.
Barakoa ikapinda, maji yakaniingia puani, nikayashukuru.

Tindi alikuwa amelala kifudifudi, tochi mbele,
akimtazama fulu mmoja, mdogo kama kijiko,
anafungua kinywa, watoto wanamwagika kama punje za mtama,
kivuli kikipita anawanyonya wote ndani tena.
Anawatoa. Anawarudisha.
Tindi akinionyesha kwa kidole kuwa anawahesabu.
Nilitaka kumzaba kofi. Majini kofi halina nguvu.
Nikamwinulia kidole gumba.

Botini nilimgombeza mbele ya wote, kwa Kijaluo,
na Kijaluo changu cha kugombeza ni kizuri.
Akanyamaza mpaka nikamaliza.
Kisha akauliza, taulo kichwani:
"Kule chini ni baridi hivyo siku zote?"

Wanaouliza bei ninawajua, wanaouliza mamba ninawajua.
Anayeuliza baridi huwa anamuulizia mtu.

Sikumuuliza ni nani, wala mwaka gani, wala ufuko upi.
Huenda nilimshika mimi. Huenda hakushikwa na yeyote.
Nikamwambia juu kuna vuguvugu, katikati baridi,
chini kabisa hupepesuki, kumetulia.
Akaitikia kwa duara, kama unaonja chumvi,
ingawa tulikuwa nje, na hewa ilikuwa nyingi.

Bi Roselida akafunua ndoo.
Nikahesabu mikono.